Kanzu ya Abilahi

Abilahi alipokwenda kukata mkonge Tanga, alimwahidi mkewe Moza kwamba angerudi kabla ya Ramadhani. Ramadhani zikaja, zikapita, bila hata salamu. Moza alibaki Lindi akisuka mikeka, na kila jioni akimpakulia mumewe wali, akiuweka mbele ya kanzu yake iliyotundikwa ukutani na kuisemesha. Siri hiyo aliijua mtu mmoja tu: Apolonia, jirani na shoga yake.

Apolonia na wenzake walikuwa wakitayarisha mchezo wa kuigiza juu ya vituko vya mji mdogo wa pwani.

"Niazime kanzu ya shemeji," alimwomba Moza. "Kadhi wetu hana la kuvaa."

Moza akaifua, akaipiga pasi, akampa.

Siku ya mchezo ukumbi ulijaa pomoni, Bwana DC kakaa mbele na karani wake. Moza alicheka mpaka akashika mbavu alipomwona kadhi akibishana na mbuzi aliyekula kilemba chake. Kadhi yule alivaa shuka. Kisha Apolonia akaingia na sahani ya wali, akapiga magoti mbele ya kanzu iliyoning'inia kwenye msumari.

"Kula, baba. Leo sikuzidisha chumvi. Au umenikasirikia?"

Watu wakaangua kicheko. Karani akamtafsiria Bwana DC kwa kunong'ona, naye akacheka peke yake, wengine wamekwisha kunyamaza. Moza akajifunika kanga usoni. Maneno yale aliyasema yeye, chumbani kwake, mlango umefungwa.

Asubuhi Apolonia alirudisha kanzu.

"Jina lako sikulitaja, shoga."

"Hukulitaja."

"Na watu wamependa! Hata Kilwa wanatuita."

"Apolonia, mimi nilikulilia. Sikukuchekesha."

Apolonia akatazama chini. "Basi kile kipande nitakitoa."

Hakukitoa. Waliotoka Kilwa walikuja wakikisimulia, wakiigiza hata sauti.

Moza hakugombana naye, wala hakuhama. Kisimani walikutana, na kila salamu aliiitikia. Lakini mlango wa uani, ambao Apolonia alizoea kuingilia bila hodi, aliutia komeo.

Miaka ikapita, ikaja habari kwamba Abilahi amefia Tanga, na huko ameacha mke na watoto. Moza akakaa eda. Apolonia alizipata habari hizo sokoni, kama mtu mwingine yeyote.