Kishingo Hakuondoka Kiotani

Gemu la kitindamimba wangu nililicheza mimi peke yangu kabla ya watu wote. Alilitengeneza humu chumbani mwetu, kompyuta yake ncha moja ya meza, cherehani yangu ncha nyingine. Nikikanyaga kwa nguvu, meza inatikisika, naye analalamika, "Mama, umeniangusha kuku!"

Kuku mwenyewe anaitwa Kishingo, shingo tupu kama yule niliyemfuga mwaka alipofariki baba yao. Ametoroka kapuni sokoni, anarudi kwao kwa kupita juu ya mapaa na ndani ya mitaro, mwewe akimwinda.

Mimi nilikosoa kitu kimoja tu. Mwanzoni Kishingo alitaga mayai, akaendelea na safari.

"Mama gani huyo?" nikamwuliza. "Kuku akishaatamia haondoki, hata nyumba iungue."

Akacheka, akabadilisha. Sasa mchezaji anatakiwa aachie vitufe vyote, Kishingo aatamie, mwewe azunguke mpaka achoke, ndipo mayai yaanguliwe. Nilipita mara ya kwanza tu, maana nilikuwa nimekiweka kile kidude cha vitufe mapajani, natunga uzi kwenye sindano.

Baba yake mdogo alimpa nafasi moja. "Shemeji, maonyesho ya magemu ni Jumamosi. Akichaguliwa, nafunga mdomo. Asipochaguliwa, Jumatatu yuko dukani kwangu anauza misumari, na hiyo kompyuta inakuja kukaa kaunta."

Binti akakubali. Mimi nikalipeleka kwa Mungu.

Ukumbi ulikuwa na meza zaidi ya arobaini na kelele za kila namna. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni; nilijibanza kwenye kiti nyuma ya meza yetu. Masharti yalibandikwa ukutani: mtengenezaji na jamaa zake wasicheze wala wasimwelekeze mtu, na gemu ambalo hakuna mgeni aliyelimaliza kufikia saa kumi halifiki kwa majaji.

Vijana walikuja wengi. Walimpenda Kishingo, wakampigia makofi akiruka mitaro. Lakini kiotani wote walikwama. Walibonyeza kama watu wanaotwanga, Kishingo anaruka huku na huku, mwewe anashuka, mayai yanakwenda.

"Huyu kuku kalogwa!" mmoja akasema, akaondoka.

Binti yangu akaniinamia sikioni. "Mama, nimekwisha. Sikuweka alama ya kuwaambia watulie."

"Mbona mimi nilijua?"

"Ndiyo kosa langu. Nilijaribu kwako tu, na wewe hujawahi kuhitaji kuambiwa utulie."

Baba yake mdogo alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. "Nimeshamtafutia aproni," akasema.

Mimi nilikuwa natazama watu. Saa tisa na nusu akapita mama mfagizi wa ukumbi, anaburuta mguu mmoja, ufagio ameufanya mkongojo. Masharti hayakukataza kumpa mtu kiti. Nikasimama.

"Njoo ukae, mwanangu. Tangu saa ngapi umesimama?"

"Tangu alfajiri, mama. Mungu akubariki." Akaketi, akaona skrini. "Na huyu kuku je, naye ananyonyoka kwa kazi?"

"Ukitaka, mcheze. Hutaki, pumzika."

Akakichukua kidude. Alikwenda polepole, akaanguka mtaroni mara mbili, akamwomba Kishingo radhi. Vijana wakaanza kurudi kumcheka. Alipofika kiotani, mwewe akatokea.

"Bonyeza, mama! Bonyeza! Huyo anakuja!" vijana wakamhimiza.

"Hebu niacheni nipumue!" Akakilaza kidude mapajani, akaanza kujikanda goti.

Kishingo akakaa juu ya mayai, akatandaza mabawa. Mwewe akazunguka mara moja, mara mbili, akashuka hadi kivuli chake kikamfunika. Binti yangu alinibana mkono mpaka ukaniuma. Mara ya tatu mwewe akapiga kona, akaenda zake. Yai likapasuka. Kikatokea kichwa chenye shingo tupu.

Ukumbi ulilipuka! Wa meza nyingine wakaacha magemu yao. Mfagizi akavuta kiti mbele, sasa amekunja mikono ya shati, akawapitisha vifaranga wanane juu ya paa la mwisho huku watu wakiwahesabu kwa sauti. Kishingo alipofika kwao na kifaranga wa nane, ilikuwa bado dakika nne ifike saa kumi. Vijana wakambeba yeye na ufagio wake.

Majaji walicheza, wakakwama, wakagombana, mwisho wakatulia. Walipotangaza, Kishingo alikuwa wa kwanza.

"Kwa nini hukuweka alama pale kiotani?" jaji mmoja akamwuliza binti yangu.

Hakudanganya. "Nilisahau."

"Basi endelea kusahau."

Nikamshukuru Mungu palepale, kwa sauti, bila haya. Kisha nikamgeukia shemeji yangu, ambaye alikuwa anapiga makofi kuliko wote.

"Hiyo aproni," nikamwambia, "ivae wewe. Jumatatu misumari haitajiuza."