Faili la Dada Mkubwa

Jumatatu saa nne asubuhi, Dada Mkubwa aliketi katika duka la steshenari, kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguuni, akamsomea mchapaji maisha yake ya kazi. Miaka kumi na mmoja katika chumba cha kufulia cha hoteli. Zamu ya watu tisa, aliyoisimamia bila cheo. Madoa ya damu, ya mvinyo, ya wanja, yote aliyatoa. Hoteli ilipofungwa, kibarua kikaota nyasi. Sasa hospitali ilitafuta msimamizi wa kufulia, na wasifu utumwe kwa barua pepe kabla ya Ijumaa saa kumi.

Mchapaji, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alichapa mistari kumi na minne. Akaihifadhi kwenye folda moja na wasifu wa Kitindamimba, kwa kuwa ni watoto wa nyumba moja. Kitindamimba alikuwa na mistari miwili na stashahada ya usimamizi, aliyoisomea wakati dada yake akifua. Kazi aliyoomba ni hiyo hiyo. Dada Mkubwa aliyajua hayo pale pale dukani, akamwonea gere.

Jumanne alirudi kusahihisha namba ya simu. Mistari ilibaki kumi na mmoja. Ile mitatu ilikuwa kwenye faili la mdogo wake, imejipanga chini ya stashahada.

"Imehama," mchapaji alisema, akifuta miwani. "Hutokea. Maneno ya kazi hayapendi kukaa na mtu asiye na cheti. Wiki iliyopita ya fundi bomba yalihamia yote kwa mpwa wake."

"Yarudishe."

Aliyarudisha. Yakavuka tena mbele ya macho yao, neno moja moja, bila haraka.

Jumatano, kwenye chai ya asubuhi, Kitindamimba alinyoosha mkono kuchukua sukari. Mkononi alikuwa na kovu refu kama kidole, lile ambalo mashine ya pasi ilimwachia Dada Mkubwa mwaka wake wa nne. Dada Mkubwa akakunja mkono wa blauzi yake. Ngozi ilikuwa laini.

"Limekukaa vizuri," Mama alimwambia Kitindamimba.

"Linawasha mvua ikikaribia," Kitindamimba alisema.

"Hilo kovu ni langu," alisema Dada Mkubwa.

"Dada, mimi sikuliomba."

"Lako, lake, si mmenyonya ziwa moja?" Mama akaingilia. "Acha roho ya kwa nini, mwanangu. Mwenzio akipata, na wewe umepata."

Dada Mkubwa hakumaliza mkate. Miaka yote alikuwa akilificha kovu lile kwa mikono mirefu, akiliona baya. Leo alilitaka, na roho ilimuuma kuliona likipitisha kijiko cha sukari.

Alhamisi alisahau kama doa la damu hufuliwa kwa maji ya moto au baridi. Ikambidi aulize.

"Baridi, dada. Ya moto yanaligandisha," Kitindamimba alimjibu, bila kuinua uso kwenye nguo aliyokuwa akiipiga pasi. Dada Mkubwa alimchukia mchana kutwa, na wakati wa chakula akampakulia kidogo.

Ijumaa saa tisa alasiri faili lake lilikuwa na jina na namba ya simu tu. Alimwomba mchapaji aandike, chini ya neno Uzoefu: Kwa nini? Wakasubiri. Maneno hayakwenda popote.

"Hayo yatakaa," mchapaji alisema. "Hakuna anayeyahitaji."

"Basi tuma."

Akayaambatisha mafaili yote mawili kwenye barua pepe moja, maana anwani ilikuwa moja.

Kitindamimba alipata kazi. Kila kilichoandikwa kwenye wasifu wake kilikuwa cha kweli. Wiki ya pili alihitaji mkunjaji wa taulo, na ofisi ikamletea faili la dada yake. Akamwita, akamkalisha mbele ya meza.

"Hapa sioni uzoefu, dada."

"Unajua ulikokwenda."

"Najua. Lakini nikiandika kisichokuwemo, watasema tunabebana." Akajaza fomu: hana uzoefu, majaribio miezi mitatu. Dada Mkubwa akatia sahihi, kwa sababu kazi ni kazi.

Asubuhi ile alikunja taulo thelathini. Kitindamimba akaja, akaichukua ya juu, akaikung'uta, akamwonyesha polepole: mara tatu kwa urefu, kisha pindo linaingizwa ndani, ndipo zinakaa wima na hazianguki rafuni.

"Umejifunza wapi?" akauliza mwanamke wa meza ya pili.

"Uzoefu tu."

Namna ile Dada Mkubwa ndiye aliyeibuni, mwaka wake wa sita hotelini. Ilikuwa kwenye mstari wa tisa, na ilihama pamoja na mingine. Sasa aliitazama kwa makini, akajaribu, akakosea, akaonyeshwa tena. Ilikuwa namna nzuri sana ya kukunja taulo, naye akamwonea mdogo wake wivu kwa kuibuni.