Vivuli Viwili vya Josephina

Jumatatu jioni Adija alikuwa barazani anachagua mawe kwenye maharage, na Mwalimu Asnath alikuwa pembeni yake kwenye kiti cha plastiki, daftari mapajani, akiandika majina ya watu watakaolishwa keki. Jumamosi Josephina, binti wa Mwalimu, angetimiza miaka mitatu. Orodha ya keki si jambo la mchezo Kibondo mjini. Mtu akialikwa, akala pilau na kunywa soda mbili, halafu asiitwe mbele kulishwa kipande, anaondoka amevimba na wiki nzima hasalimii mtu. Kwa hiyo Mwalimu aliandika, akafuta, akaandika tena. Mgeni rasmi, mkubwa wa kazi wa mumewe kutoka Kasulu, alimweka wa kwanza. Jina la Adija halikuwemo, na Adija mwenyewe hakulitarajia, kwani siku kama hiyo dada wa kazi anakuwa jikoni.

Uani Josephina alikuwa anakimbiza kuku, vivuli vyake viwili vikimfuata. Kimoja kilikuwa chake, chenye mabutu mawili ya nywele. Kingine kilikuwa cha mtoto wa kiume mwenye kaptula inayompwaya. Huyo alikuwa Khamisi, mtoto wa Adija, ambaye muda huo alikuwa kambini Nduta kwa bibi yake, mwendo wa nusu saa kwa gari.

Maelezo ya kivuli hicho ni mafupi. Adija ni Mrundi wa Buyenzi, kule Bujumbura ambako watu wanaota ndoto kwa Kiswahili. Alijifungulia kambini siku ileile ambayo Mwalimu Asnath, aliyehamishiwa Kibondo kutoka Same, alijifungua mjini. Likizo ya uzazi ilipokwisha Mwalimu alitafuta dada, akaletewa Adija, aliyekuwa amemwacha Khamisi na miezi mitatu kwa sababu mgao wa chakula ulipunguzwa na ilibidi mmoja wao atoke. Josephina alikataa chupa. Alikataa kikombe na kijiko pia. Siku ya tatu Adija, kifua kimejaa na gauni limelowa, alimnyonyesha. Mwalimu alirudi kutoka shuleni, akawakuta, akaurudisha mlango taratibu, na jambo hilo halikuzungumzwa kamwe katika nyumba ile. Wiki hiyohiyo kivuli cha pili kilitokea. Godson, mume wa Mwalimu, alidhani ni kosa la taa ya uani, akabadilisha balbu. Kilipobaki, wakakizoea.

Kwa Adija kivuli kilikuwa habari za nyumbani. Alimwona mwanawe akitambaa ukutani, akamwona akisimama dede kwa kushika kitu kisichoonekana, akamwona akipiga hatua ya kwanza sebuleni kwa Mwalimu, siku tisa baada ya Josephina. Alijua siku aliyonyolewa. Alijua kaptula ilipopatikana, na kwamba haikununuliwa kwa kipimo chake. Na sasa, kwa wiki tatu, alijua jambo jingine. Josephina akikimbia, kivuli cha Khamisi kilikimbia hatua nne tano kisha kikakaa chini, kikaburuzwa kimekaa vilevile, mabega yakirukaruka kwa kikohozi. Shingo ilikuwa imebaki ujiti. Adija aliogopa. Aliogopa tangu anaamka mpaka analala, na jioni ile mawe mengi yalimponyoka yakabaki kwenye maharage.

"Mama Josi," alisema, "mutoto wangu anaumwa."

Mwalimu alitazama uani. "Amepungua kidogo," alikubali.

"Naomba ruhusa nimufikie. Baba Josi anapita ile njia ya Nduta Alhamisi na gari ya kazi. Anipakie tu. Ijumaa nitakuwa nimerudi."

Bila gari la Godson asingefika. Barabarani kulikuwa na kizuizi, Adija hakuwa na kibali cha kukaa nje ya kambi, na Godson, mpima ardhi anayejulikana na kila mtu, hasimamishwi.

"Alhamisi hii? Dada, una akili kweli? Watu hamsini wanakuja, uniachie nani jikoni? Sherehe ipite kwanza. Alhamisi ya wiki ijayo unakwenda, nimeshasema."

"Na yeye Jumamosi ni aniverseri yake. Anatimiza mitatu, na yeye."

"Najua," Mwalimu alisema, akageuza ukurasa.

Mwalimu Asnath hakuwa mtu mbaya. Alimpa Adija nguo zake kabla hazijachakaa sana, na hakuwahi kumfokea mbele ya wageni. Kilichokuwa kinamnyima raha ni mgeni rasmi. Mtu akiona mtoto ana vivuli viwili atauliza cha pili ni cha nani. Ukimjibu, atauliza mama yake yuko wapi. Ukimwonyesha mama, atauliza kibali, na hapo sherehe imekwisha. Ilibidi kivuli kisionekane, hasa kwenye picha.

Jumanne alimwita Mwalimu Kipriani, anayefundisha jiografia shuleni kwao na ambaye ndiye mshereheshaji wa harusi na ubarikio karibu zote za mji ule. Kipriani alikitazama kivuli kwa muda, akaomba karatasi na kalamu. Alieleza kwamba mwanzoni mwa Oktoba jua linapita juu kabisa ya Kibondo, na kivuli cha mtu kinaishia chini ya nyayo zake. Ila kwa kuwa wako magharibi ya nchi, jua halifiki utosini saa sita kama watu wanavyodhani, bali saa saba kasoro dakika kumi na nne. Keki ikatwe dakika hiyo, na muda mwingine wote mtoto akae chini ya turubai. Mwalimu Asnath alifurahi sana. Kwenye kadi za mwaliko akaandika saa sita kamili mchana, tafadhali zingatia muda.

Jumatano alikuja Bi Mwanahawa, mwoka keki wa karibu na soko, mzaliwa wa Ujiji, kuangalia meza. Alimkuta Josephina mlangoni, akatazama vivuli viwili sakafuni, kisha akamgeukia Mwalimu.

"Niandike majina mangapi?"

"Moja. Josephina."

"Kivuli hakimfuati mtoto bure. Hawa wamenyonya ziwa moja. Kwetu hawa ni ndugu, hata kuoana hawaruhusiwi."

"Keki ni ya kilo mbili, Bi Mwanahawa. Majina mawili hayataenea."

Bi Mwanahawa hakubishana na mteja. Lakini wakati wa kutoka alipitia jikoni, akamshika Adija mkono, akamwambia atamwombea dua. Adija alishukuru kwa dua, akasema shida yake ilikuwa gari.

Alhamisi saa moja asubuhi gari la Godson lilitoka, viti vya nyuma vitupu. Adija alilifungulia geti, akalifunga, akarudi kumenya vitunguu. Josephina alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu naye, na kivuli cha Khamisi kilikuwa kimejilaza chini ya kigoda. Alikimenyea na chenyewe kitunguu kimoja, bila sababu.

Jumamosi kila kitu kilikuwa tayari saa tano. Turubai la buluu lilifungwa, maputo yakapulizwa, pilau likapaliwa moto juu ya mfuniko. Wageni nao walifanya maajabu, kwani saa sita na nusu viti vyote vilikuwa vimejaa. Aliyekosekana ni mgeni rasmi. Tairi lilikuwa limempasukia hatua chache nje ya Kasulu, tena la akiba halikuwa na upepo, na kila alipopigiwa simu alisema amekaribia. Alikaribia kwa saa tano. Keki haikatwi bila mgeni rasmi, na hilo hata Kipriani aliliheshimu. Ilipofika saa saba kasoro dakika kumi na nne alitoka peke yake katikati ya uwanja, akatazama miguu yake, akakuta hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Kisha akarudi kwenye kipaza sauti kuwaomba watu uvumilivu.

Mgeni rasmi alishuka garini saa kumi na moja, mweupe kwa vumbi. Alinawishwa, akala, akatoa nasaha kuhusu elimu ya mtoto wa kike. Keki ilipofunuliwa ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo, na jua lililokuwa linateremkia upande wa Burundi lilikuwa limeingia chini ya ukingo wa turubai. Vivuli vya watu wote vililala virefu kuelekea nyuma ya nyumba. Josephina alisimamishwa juu ya kiti ili aifikie meza. Kivuli cha Khamisi kilikuwa kimekaa kando ya chake, kimeinamisha kichwa, na utosi wake ulikaribia kufika mlango wa jiko, alikokuwa Adija na sufuria kubwa, akikwangua ukoko.

Kipriani alianza kuita. Josephina alimlisha mgeni rasmi, krimu ikabaki kwenye masharubu, watu wakacheka. Akamlisha baba yake. Alipoinua kipande cha mama yake, kivuli cha Khamisi kilisimama. Kilisimama kwa tabu, kikishika kivuli cha meza. Kilichukua kipande kutoka kwenye kivuli cha keki, kikanyoosha mkono. Mkono ulipita juu ya viatu vya wageni wa mstari wa mbele, ukapita juu ya kreti la soda, ukapanda kizingiti, ukafika usoni kwa Adija.

Adija alifungua mdomo. Alitafuna polepole, akameza. Ilikuwa keki nzuri, ina harufu ya ndimu. Alifurahi, na hapohapo akaona jinsi mkono ule ulivyotetemeka kwa kubeba kitu chepesi namna ile.

"Na mama mwenzetu wa jikoni naye amelishwa!" Kipriani alitangaza, maana mshereheshaji hakwami. "Makofi kwake!"

Watu walipiga makofi. Mgeni rasmi alijiinamia kidogo kwa Mwalimu Asnath, akauliza kivuli kile ni cha nani. Mwalimu alihisi jasho.

"Ni cha mtoto wa dada yetu wa kazi, mzee."

"Aa. Mtoto ana adabu," mgeni rasmi alisema, akaomba soda nyingine, ya baridi. Hakuuliza kitu kingine mpaka anaondoka.

Muziki ulipowashwa Mwalimu alikwenda jikoni, uso umekunjuka. Siku tano za hofu zilikuwa zimemtoka mwilini kwa pamoja. Kivuli kilikuwa kimelala ubavu kizingitini, naye alikiruka kwa uangalifu asikikanyage.

"Umeona, dada? Hata hakuuliza!"

"Nimeona, Mama Josi. Sasa hii Alhamisi, nitajipanga saa ngapi?"

"Alhamisi ya nini tena?" Mwalimu alishangaa kwelikweli. "Mtoto si amekuja mwenyewe? Amekulisha keki, watu wamewapigia makofi. Kuna watu hapa wana watoto wao Dar, mwaka wa pili hawajawaona. Godson naye wiki hiyo gari litakuwa na vifaa." Alimgusa bega. "Mwakani tutaanza jioni makusudi, ili na yeye apate nafasi ya kutosha."

Adija alitaka kumtupia sufuria. Alitaka kupiga yowe mpaka muziki uzimwe. Alisema, "Ndiyo, Mama Josi," na Mwalimu akarudi kuaga wageni.

Alipiga magoti kizingitini. Aliweka kiganja juu ya mabega ya mwanawe, akakuta saruji, ya baridi. Yalikuwa bado yanaruka, kisha jua likaingia nyuma ya milima, na baada ya hapo hakuweza kujua kama yametulia au ni giza tu. Alimwita kwa jina mara mbili. Halafu akalia palepale mlangoni, kwa sauti, bila kujificha. Wageni waliokuwa wanakuja kuchukua maji ya kunawa walimzunguka wasimkanyage, wakanawa, wakamshukuru kwa pilau.