Mkono wa Shangazi Ukutani

Fundi mwashi alikuwa akibandua lipu kuukuu katika kiwanda cha zamani cha pamba, tindo mkononi, sigara sikioni, ndipo mkono wa mtu ulipotoka ukutani ukamkaba koo. Aliupiga nyundo mpaka vidole vikavunjika. Ulipomwachia, aliwasha sigara yake akahamia upande wa pili. Kazi ni kazi.

Kufikia adhuhuri mikono ilikuwa imetoka mingi, yote imekatikia kwenye kiwiko. Fundi alijua ilikotoka. Mashine za kuchambua pamba hazikuwahi kuwekewa kinga, na mwenye kiwanda alikataza zisizimwe kwa ajili ya mtu mmoja. Jengo sasa lilikuwa la mjukuu wake, aliyetaka liwe hoteli. Alipokuja kukagua, mkono mmoja ulimzaba kofi jino likamtoka. Akaamuru yote ikatwe kwa msumeno. Ilikatwa, damu ikadekiwa, na asubuhi ilikuwa imeota tena.

Fundi alimsimulia shangazi yake, aliyeingia kiwandani humo msichana mzima akatoka na mkono mmoja. Shangazi aliuliza kama upo wenye kovu la moto kwenye kidole gumba. Fundi aliinamisha kichwa. Ndio huo aliouvunja vidole.

Akampeleka. Mikono ilijikunja kumpisha njia mpaka akaufikia wake. Ulikuwa bado wa kisichana. Ulimfuta jasho la shingoni kwa vidole vyake vilivyopinda, naye akalia kidogo, kisha akamwomba mwenye jengo aubomoe ukuta ampe.

"Pole, bibi," alisema mjukuu, leso mdomoni. "Lakini kilichomo ukutani ni mali ya jengo."

"Nimezaliwa nao, mwanangu."

"Na hapa ndipo ulipouacha."

Shangazi alimrukia, akamng'ata sikio. Mlinzi alimpiga rungu mbavu zikalia. Alipoinua rungu mara ya pili, mkono wenye kovu ulimdaka shingo, ukamkaba mpaka akakata roho.

Mahakamani mwenye jengo alikula kiapo kwamba mkono ule ni wa shangazi. Hakimu alimgeukia mshtakiwa.

"Ni wangu," alisema shangazi. "Sijawahi kuukana."

Akafungwa maisha. Mkono ulibaki ukutani, karibu na mlango wa chumba cha kulia chakula, na wageni wa hoteli huutundikia kofia.