Ubeti wa Taa

Tulimwita Rula kwa sababu hakuhitaji rula. Sisi wengine katika karakana ya mabango tulipiga mstari wa chaki kwa uzi kabla ya kugusa brashi, na bado herufi zetu zilipanda mlima zikashuka bonde. Yeye alisimama mbele ya ukuta mtupu, akafumba jicho moja kama anayemlenga ndege, akaanza. Ukienda kupima baada yake, herufi ya kwanza na ya mwisho zimekaa kimo kimoja.

Mimi waliniita Malenga, nusu sifa, nusu kejeli. Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kuhesabu mizani kwa vidole nikiwa juu ya ngazi, nane huku, nane kule, mpaka rangi ikakauka kwenye brashi.

"We Malenga," Fundi, mwenye karakana, alikuwa akiniita kutoka chini, "mteja ameomba 'Saruji na Mabati'. Beti tano hajaomba."

Watu wakacheka. Nami nina kichwa cha moto, sikuzoea kuchekwa nikanyamaza. Nilimjibu kwamba iko siku atalipia kiti aje anisikilize. Wakacheka zaidi. Rula peke yake hakucheka. Tulianza kazi wiki moja, tulikula sahani moja miaka minne, na kila shairi nililoandika yeye ndiye alikuwa sikio la kwanza. Alikuwa akisema, "Hili limesimama," au, "Hili linachechemea, ndugu yangu." Hakukosea hata mara moja.

Ilianza na herufi O. Tulikuwa kwenye bango la duka la mikoba. Rula akaichora O, akaiacha wazi juu, upana wa kidole.

"Hiyo hujaifunga," nikamwambia.

"Nikiifunga watabaki ndani."

"Kina nani?"

"Wanaosema." Alilitamka kwa utulivu, kama mtu anayekuonya kwamba rangi bado mbichi.

Mtu mwenye utu angeweka brashi chini akauliza swali la pili. Mimi nilitoa daftari. Lilikuwa dogo, la jalada gumu, nililikalia siku nzima kwenye mfuko wa nyuma. Nikaandika tarehe, maana sikuandika kitu bila tarehe. Niliamini ipo siku watu watataka kujua ubeti gani ulitangulia upi. Chini ya tarehe nikaandika: herufi iliyofungwa ni chumba cha wanaosema. Nikatetemeka kwa furaha. Miaka yote nilikuwa nakwangua sufuria tupu, na sasa mtu ananipakulia.

Tangu siku ile nikawa namfuata nyuma na brashi nyembamba. Anaacha O wazi, mimi naifunga akishageuka. Fundi aliniona mara moja akaniambia nina moyo, wenzangu wangemsemea zamani. Nikaipokea sifa ile. Ukweli ni kwamba Rula angefukuzwa kazi, angekaa nyumbani, na mimi ningebaki juu ya ngazi na vidole vyangu kumi.

Akaanza kutolala. Asubuhi alikuja macho mekundu, shati lilelile, na maneno yamemjaa. Alizungumza na kopo la rangi nyeupe. Alikataa kunywa chai yoyote ambayo hakuiona ikimiminwa. Nilimmiminia mbele yake, nikamketisha, nikamuuliza taratibu, "Wamesema nini leo?" Aliyeniona nikiuliza angedhani namjali. Nilikuwa namkamua.

Rula aliishi kwa dada yake, mshonaji wa sare za shule, mwanamke asiyeinua macho kutoka kwenye cherehani bila sababu. Siku moja alikuja hadi karakana na sindano bado imechomekwa kwenye kola.

"Mdogo wangu," akaniambia pembeni, "wewe ndiye unayeshinda naye. Unamwonaje huyu mwenzako?"

"Yuko salama, dada."

"Anaziba dirisha kwa magazeti. Anasema taa ya barabarani inamtukana."

"Ni msanii, dada. Wasanii ndivyo tulivyo."

Nilisema "tulivyo". Akashusha pumzi, akatabasamu. "Haya. Basi na wewe uje ule, umekonda." Akarudi kwenye sare zake. Nilimtua mzigo kwa uongo, nikaona nimetenda wema.

Taa yenyewe ilikuwa kwenye nguzo mbele ya nyumba yao. Ilikuwa mbovu, inawaka usiku na mchana, na hakuna aliyekuja kuirekebisha. Mchana mmoja, wiki chache kabla dada yake hajaja kuniuliza, tukiwa tumekaa juu ya makopo matupu, Rula aliniegemea bega akanieleza habari zake zote. Nilisikiliza kwa mkono, nikiandika. Siku tatu baadaye nikawa na ubeti:

Taa ile yaninena, silali nikasinzia,
Nazima ya ndani tena, ile ya nje yazomea,
Enyi watu waungwana, nani atanizimia?
Giza nataka kuona, mwanga waniangalia.

Kulikuwa na kikundi cha washairi kilichokutana Jumamosi mchana katika darasa la shule. Wengi wao walikuwa walimu na watu wa ofisini, na mimi niliingia na rangi kwenye kucha. Niliusoma ubeti ule na mingine sita iliyoufuata. Walisimama. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kengele, alinishika mkono akasema kijana huyu amechota kisima kirefu, na kwamba mashairi yangu yatafungua kitabu cha kikundi. Nilirudi kuketi miguu haigusi sakafu.

Rula alikuwa amekaa dawati la nyuma. Alipiga makofi kuliko wote. Tulipotoka akanishika mkono, uso umemchangamka kama zamani.

"Sasa wamesikia," akasema. "Watakuja kuizima lini?"

Nikacheka. Nilidhani, au nilijilazimisha kudhani, kwamba anatania. "Mambo ya serikali hayo, ndugu yangu. Subiri kidogo."

Akasubiri miezi mitatu.

Jumatano moja, saa sita mchana, aliichukua ngazi ya karakana na nyundo, akaondoka bila kuaga. Fundi akaniuliza kazi gani imetoka nje, kisha tukamfuata. Tulimkuta juu ya nguzo, amekwishaivunja taa, bado anagonga. Kioo kilikuwa kimemkata kiganja na damu inashuka hadi kwenye kiwiko. Chini watu wamejaa, wengine wameinua simu.

"Shuka, jamaa, hiyo si nazi," mmoja akasema, na kicheko kikazunguka.

Dada yake alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili, kichwa kimeegemea mbao. Fundi alipanda akamshusha polepole, ngazi kwa ngazi, kama anavyoshusha kioo. Rula alipofika chini akaniona. Akaninyooshea ule mkono wenye damu.

"Muulizeni huyu," akawaambia watu. "Nilimwambia. Na yeye aliwaambia wote, darasa zima. Waliposikia walisimama, kisha wakaenda zao."

Watu wakanigeukia. Mwanamume mmoja akauliza, "We unamfahamu?"

"Tunafanya kazi pamoja," nikasema. "Sijui anachosema."

Mwanamume yule aliridhika. Rula hakuridhika. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama ukuta kabla ya kuanza kuandika, jicho moja limefumba kidogo, akanipima.

Wakamfunga kiganja kwa kitambaa cha sare, wakampeleka hospitali, nami nikafuata. Walitaka kumshona mkono tu wamwachie. Dada yake akagoma kuondoka. Akasema hatoki pale mpaka amwone mtu wa maradhi ya akili, na ndiyo ikawa mara ya kwanza neno lile kutamkwa mbele yangu. Nilijikuta naangalia pembeni.

Tulielekezwa kwenye benchi mbele ya mlango wa bluu. Ukuta wa mkabala tuliuandika sisi, mimi na Rula, mwezi wa pili wa habari hii: MFICHA MARADHI KILIO HUMUUMBUA. Herufi zimekaa sawa kama meno. Ile O ya KILIO ilikuwa na kiraka juu, bluu isiyolingana, upana wa kidole. Niliijua bluu ile. Niliichanganya mwenyewe kwa haraka.

Aliyetuita alikuwa mwanamume wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Rula alikuwa ndani, amelala kwa dawa ya kumtuliza, mkono umefungwa bendeji. Sisi tukaketi mezani, upande huu wa pazia.

"Daktari," dada akaanza.

"Mimi muuguzi, mama. Daktari atakuja saa kumi, na atasoma nilichoandika. Kwa hiyo tuandike vizuri. Ameanza lini?"

"Kama miezi minne. Ile habari ya dirisha."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo alikuwa mzima. Kazini walimwona mzima." Akanigeukia. "Si ndiyo, mdogo wangu?"

Muuguzi naye akanigeukia. "Wewe ni nani wake?"

"Rafiki."

"Rafiki huona mengi. Nieleze. Kama ni wiki chache, tunatazama jambo moja. Kama ni mwaka, tunatazama jingine, na dawa hazifanani. Usipime unga kwa macho hapa."

Daftari lilikuwa mfukoni, limenikalia mimi sasa. Jumamosi ya wiki ile nilitakiwa kulikabidhi kwa mwenyekiti, likapigwe chapa. Ndani yake mlikuwa na kila kitu ambacho mtu yule alikiuliza: siku ya kwanza ya O, siku ya chai, siku ya kopo la rangi, vyote na tarehe zake, kwa mwandiko safi. Hakuna hospitali duniani ingeweza kumfuatilia mgonjwa kwa uangalifu kama nilivyomfuatilia mimi nisiyetaka apone.

Nilifikiri kusema tu, "Kama mwaka hivi," na kuliacha mfukoni. Ingetosha kunitoa pale na heshima yangu. Kisha nikasikia nyuma ya pazia Rula anakohoa usingizini, na dada yake akainuka nusu, akaketi tena.

Nikalitoa. Nikaliweka mezani.

"Miezi kumi na mmoja," nikasema. "Imeandikwa."

Muuguzi akavaa miwani, akafungua. Akasoma ukurasa, akafunua, akasoma. "Haya ni mashairi."

"Ndiyo."

"Ya nani?"

Dada alikuwa amekwishalivuta upande wake. Alisoma kwa kidole, taratibu, kama anayefuata mshono. Kidole kilipofika kwenye taa kikasimama.

"Maneno haya," akasema, "aliyasema jikoni kwangu." Akatazama tarehe. Nikaona anahesabu. "Nilipokuja kukuuliza, ulikuwa nayo haya?"

"Nilikuwa nayo."

"Ukaniambia msanii."

Nilitamani apandishe sauti. Mimi mtu akinipigia kelele najua pa kusimama. Yeye alirudisha daftari katikati ya meza, akalinyoosha lilingane na ukingo, akaikunja mikono yake kwapani.

Muuguzi alitukoholea. "Sikiliza, kijana. Kupendeza yanapendeza, lakini haya hayanifai hivi. Daktari anataka alichosema mgonjwa, si ulichokipamba wewe. Unakumbuka alivyosema?"

"Nakumbuka."

"Basi yavue. Moja moja."

Nikaanza. Nimewahi kubeba ndoo za rangi hadi ghorofa ya sita na sikuchoka vile. Ukurasa baada ya ukurasa nilitoa kina, nikatoa mizani, nikatoa "enyi" na "ewe", nikabaki na sentensi fupi za mtu aliyeogopa. Sikulala tena. Wanajua jina langu. Usinywe hiyo chai. Muuguzi aliandika bila kuinua kichwa. Maneno niliyoyasoma darasani watu wakasimama, sasa yalichukua nusu mstari kila moja kwenye fomu ya hospitali, na pale ndipo yalipotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Tukafika kwenye taa.

"Alisema haimwachi alale," nikasema. "Hivyo hivyo. Alisema akizima ya ndani, ile ya nje inaendelea kumsema. Kwamba anataka giza kidogo tu."

"Na huu mstari wa tatu? Aliomba watu kwa jumla? Anadhani kuna kundi linaloweza kumsaidia?" Kalamu ilikuwa tayari. "'Enyi watu waungwana'."

"Hapana. Hilo ni langu. Nilihitaji kina cha na."

"Yeye alisemaje?"

Nilimkumbuka juu ya kopo tupu, bega lake kwenye bega langu, ananuka jasho na mafuta ya taa ya kusafishia brashi. Nilikumbuka pia kwamba siku tatu zile nililihangaikia neno lake, nikaligeuza huku na huku, na kwa sababu lilikataa kuingia katika mizani nikalitupa.

"Alisema, 'Ndugu yangu, nizimie ile taa.'"

Kalamu haikusogea. "Ndugu yake yupi?"

"Mimi," nikasema. "Alikuwa ananiomba mimi."

Muuguzi akaandika. Dada yake hakunitazama, na hakuniita mdogo wake tena, siku ile wala baadaye. Alinyoosha mkono, akaufunua ukurasa unaofuata.

"Endelea," akasema.