Honi Zilizopotea Iyunga

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi Nkuba alifunga keni mbili za maziwa kwenye keria ya baiskeli kwa mpira wa tyubu, akavaa sweta lake la kijani, akatoka Mbalizi kwenda Iyunga. Ilikuwa Juni, na Juni ya Mbeya haina mzaha na mtu. Wateja wake walikuwa walimu wanne, mama wawili wauza chai, na mzee mmoja mstaafu aliyeamini kwamba maziwa yaliyopanda gari hupoteza ladha.

Barabara ile ni ya kwenda Zambia na Kongo. Inapitisha shaba, mafuta, saruji na abiria, na kila dereva huja na haraka yake kutoka kwao. Sheria iliyoandikwa inasema baiskeli nayo ni chombo cha barabarani. Sheria isiyoandikwa inasema mwenye nguvu mpishe. Basi Nkuba alikuwa akipigiwa honi mara kumi, mara kumi na tano kwa safari moja; anashuka kwenye kokoto, anapanda lami, anashuka tena, na maziwa yanasukwasukwa humo kenini hata mzee mstaafu siku nyingine alikuta siagi.

Waendesha baiskeli wengine hutukana. Wabeba mkaa wana matusi ya Kisafwa ambayo ukiyasikia vizuri unaweza kukosa hamu ya chakula. Lakini Nkuba alikulia kwenye ng'ombe, kule Usangu, baba yake alikohamia na mifugo kutoka Shinyanga, na kule alifundishwa kwamba ng'ombe akikujia kwa fujo hutukani. Unampigia mluzi: miwili mifupi ya juu, mmoja mrefu wa chini. Ng'ombe hujikumbuka, akakufuata. Kwa hiyo kila gari lililomtupa kwenye kokoto Nkuba alilipigia mluzi. Hakuwa na nia yoyote, ni mazoea tu. Miaka kumi na moja alipiga mluzi na hakuna gari lililojikumbuka.

Jumanne moja, honi ya lori ilisikia.

Lori lenyewe lilikuwa limeandikwa nyuma HARAKA HAINA BARAKA, nalo lilikuwa linakimbia hasa. Lilimpigia karibu na stesheni ya Iyunga, likampeleka pembeni, naye akalipigia mluzi, akaenda zake kugawa maziwa. Wakati wa kurudi alisikia kitu kinarukaruka nyuma yake. Akageuka. Ilikuwa honi ya hewa, nyekundu, ndefu kama mkono wa mtu mzima, inaburuta kipande cha waya. Alishuka, akaitazama, akaona imechoka. Akaifunga katikati ya keni tupu wakaendelea na safari.

Nyumbani, mkewe Ng'washi alikuwa anachambua maharage. Aliuliza ni ya nani. Nkuba akasema ni ya lori. Ng'washi akasema basi aiweke kwenye zizi la ndama, nje kuna baridi.

Kwenye upenu alikaa Boniface, mdogo wake Nkuba, anatengeneza baiskeli za watu. Boniface naye aliwahi kupeleka maziwa. Miaka miwili nyuma, mwezi wa tatu, mvua ikinyesha kama imetumwa, gari lilimpigia honi pale kwenye kona ya Iyunga, likamgonga, likaenda. Mguu wake wa kushoto ulipona ukiwa mfupi kwa vidole vinne. Gari hakuliona, alilisikia tu. Polisi walipomwomba namba, aliwaambia hana namba ila anaweza kuwaimbia honi, na akawaimbia: sauti mbili, ya kwanza juu, ya pili inashuka kama mtu anayekaa kwenye kiti. Askari alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaandika kwamba namba haikupatikana. Boniface alikuwa mtu wa kucheka, na hilo pia alilisimulia akicheka. Lakini kitu kimoja hakukichekea. Fidia hakuitaka, jela hakuitaka. Alitaka aliyemgonga aseme kwa kinywa chake kwamba alimgonga. Kila gari lililopita Mbalizi, alikuwa ananyamaza kidogo asikie.

Kufikia Jumamosi zizi lilikuwa na honi tisa. Za malori zilikuwa tatu, ya basi moja, za Noah nne, na moja ndogo ya gari la mjini, yenye haya, iliyokaa muda wote nyuma ya hori. Majani hazikula, lakini jiwe la chumvi zililamba vizuri. Ndoo ya kukamulia ikitokea zote zililia pamoja. Ng'ombe walishtuka siku mbili, ya tatu wakazoea.

Nkuba alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mama Anjela, kwa sababu mnyama akiingia zizini kwako bila mwenyewe lazima utangaze. Usipotangaza, wewe ni mwizi. Mama Anjela alifungua daftari la mifugo iliyopotea akaandika: honi, tisa. Aliuliza kama zimekula shamba la mtu. Hapana. Aliuliza kama zimechanjwa. Nkuba akasema hilo hajui, naye akaandika haijulikani. Kisha akabandika tangazo mlangoni pa ofisi, chini ya lile la mgao wa maji.

Sasa, kwa watu wa ng'ombe, mwenye mali akija kudai haoneshwi kwanza. Hukaa, hupewa maziwa, ndipo huulizwa mambo matatu: rangi yake, alama yake, na mahali ilipompotea na alikuwa akifanya nini hapo. Hilo la tatu ndilo zito. Rangi hata mwizi anaijua. Lakini mwenye ng'ombe anajua alisinzia wapi.

Wa kwanza kuja alikuwa Adrian, dereva wa lile lori, kijana mpana aliyekuwa ameendesha kutoka Tunduma akipiga makofi dirishani kila anapotaka kupita. Alibisha hodi, akakaa, akanywa mtindi. Rangi nyekundu. Alama, mkwaruzo mdomoni. Imepotea wapi? Iyunga, karibu na stesheni.

"Ulikuwa unafanya nini?" Nkuba aliuliza.

Adrian aliangalia kikombe. "Nilikuwa nampisha mtu pembeni. Namsukuma, tuseme ukweli. Mbele kulikuwa na nafasi, lakini sikutaka kukanyaga breki."

"Mtu gani?"

Adrian akainua macho, akaona sweta la kijani limeanikwa kwenye kamba. "Wewe, kaka."

"Kaichukue," alisema Nkuba, na Ng'washi akamwongezea mtindi.

Wakaja wote, mmoja mmoja. Gloria, mwenye ile honi ndogo, alisema alikuwa amechelewa kazini, na alipoulizwa kama aliwahi kufika alifikiri kwa uaminifu akasema hapana. Dereva wa basi alieleza vizuri sana, hata akaonesha kwa mikono jinsi Nkuba alivyoyumba. Nkuba alifurahi. Tangu azaliwe hakuwa amepata wageni wengi namna ile, na wote waungwana, wote wakijua hasa walichokuwa wamefanya. Jioni alimwambia mkewe kwamba dunia ina watu wazuri ukiwapata wamekaa. Ng'washi alisema ndiyo, shida ni wakisimama.

Na kweli barabarani mambo yalibadilika, kwa Nkuba. Sweta la kijani likionekana, malori yalipunguza mwendo, yakampita kwa mbali, madereva wakampungia. Adrian alitoa hata kichwa nje akasalimia. Kisha, hatua hamsini mbele, walikutana na wabeba mkaa, ambao hawajui mluzi wa ng'ombe, wakawapigia honi mpaka mtaroni. Nkuba aliyaona hayo kila asubuhi. Alijaribu kuwafundisha wabeba mkaa ule mluzi, lakini mtu mwenye magunia mawili nyuma na mlima mbele hana pumzi ya ziada.

Mwezi wa saba ulipoanza, zizi halikuwa na honi hata moja. Ndipo siku moja, kwenye kona ya Iyunga, gari kubwa jeupe lisilomjua lilimtoa Nkuba barabarani kwa karibu hata kioo chake kikagusa mpini. Nkuba alipiga mluzi akiwa bado anayumba. Mchana, honi yake ilimfuata mpaka Mbalizi. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, imebonyea kidogo ukingoni. Ilipopita kwenye upenu ililia mara moja. Sauti mbili, ya kwanza juu, ya pili inashuka.

Boniface aliweka spana chini.

"Ndiyo hiyo," alisema.

Nkuba hakuuliza kama ana uhakika. Aliifungulia zizi, akaiwekea jiwe jipya la chumvi, akaenda kwa Mama Anjela kuandikisha. Siku kumi na mbili Boniface hakufungua baiskeli hata moja. Alinyoa ndevu kila asubuhi, akavaa shati la kanisani, akasogeza kigoda chake mahali anapoweza kuona njia.

Siku ya kumi na tatu mwenyewe alikuja. Aliitwa Edmund, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mzee wa kanisa, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole. Alisalimia vizuri, akamsifia Ng'washi usafi wa uwanja, akapokea maziwa kwa mikono miwili. Rangi, nyeusi. Alama, kubonyea, upande wa kushoto. Alieleza bila kusita, na kila neno lilikuwa sawa.

"Ilikupotea wapi?" aliuliza Nkuba.

"Ilipotea tu."

Desturi inataka swali hilo liulizwe mara tatu, kwa kuwa mtu huweza kusahau. Nkuba aliuliza mara ya pili, na Edmund akasema labda ilikuwa mjini, kwenye maegesho. Hapo honi ilipita chini ya mlango wa zizi, ikavuka uwanja, ikaenda kulala kwenye mguu mfupi wa Boniface. Edmund aliutazama ule mguu. Aliutazama muda mrefu, na kikombe mkononi mwake kikainama kidogo.

"Mvua ilikuwa kubwa siku ile," alisema.

"Siku ipi?" aliuliza Boniface. Aliuliza taratibu, kama mtu anayemnyooshea ndama mkono.

Uwanja mzima ulisubiri. Hata Ng'washi aliacha kupepeta. Edmund alitoa leso akajifuta midomo ambayo haikuwa na maziwa.

"Siku nyingi tu," alisema. "Mbeya hapa mvua ni kubwa siku nyingi."

Nkuba aliuliza mara ya tatu, maana ndivyo inavyotakiwa. Edmund alisimama. Alisema hakuna haja ya kusumbuana kwa ajili ya honi, madukani Mwanjelwa ziko tele, na hiyo wabaki nayo kwa amani. Aliwashukuru kwa maziwa. Kikombe alikiacha nusu.

Gari lilipoondoka Ng'washi alichukua kile kikombe, akampa paka. Nkuba alikuwa na hasira, na aliisema: alisema mtu aliyekaa kwenye kigoda chako akanywa maziwa yako na bado akaficha mahali aliposinzia, huyo hana ukoo. Boniface alikuwa anaipangusa honi kwa kitambaa chake cha grisi.

"Lakini amekuja," alisema. "Na anakumbuka mvua."

Alivua shati la kanisani, akalikunja, akafungua baiskeli ya mwalimu iliyokuwa inamsubiri wiki mbili. Mchana ule alicheka tena, kwa sababu honi ilikuwa inalia kila anapogonga nyundo.

Kesho yake Nkuba alitoka saa ile ile na keni zile zile. Adrian alimpungia kutoka kwenye lori lake, kisha akawasukumia wabeba mkaa wawili mtaroni. Kwenye kona ya Iyunga gari jeupe lilikuja nyuma yake. Lilikuwa na honi mpya, kali, ya sauti moja. Nafasi ilikuwepo, upande wa pili barabara ilikuwa nyeupe mpaka stesheni. Nkuba aligeuza shingo, akamwona Edmund vizuri nyuma ya kioo, na Edmund akamwona vizuri naye, na akapiga honi. Nkuba alishuka kwenye kokoto. Keni moja ilimwagika kidogo. Akaweka mguu chini, akalamba midomo iliyokauka kwa baridi, akapiga mluzi: miwili mifupi, mmoja mrefu.

Saa saba mchana Boniface alisikia kitu kinaruka kwenye njia. Honi mpya iliingia uwanjani, bado ina karatasi ya dukani shingoni, ikasimama ikiwa haijui pa kwenda. Ile nyeusi ikaililia mara moja kutoka upenuni.

Boniface alisogeza mguu wake ili ipite.

"Shemeji," alimwita Ng'washi, "ongeza chumvi. Halafu yule mzee wa kanisa usimtupie kikombe chake. Atarudi."

Kisha akaingia ndani kulitafuta lile shati.