Mafuta Aliyotema Marehemu Nazzareno

Ersilia alikuwa anakwangua masizi kwenye kipande cha mkate, pale kwenye kinu cha mafuta cha mji, kwa shemeji yake Duilio, mchana wa siku ya kuwakumbuka marehemu wote. Mkate ulikuwa umeungua upande mmoja. Akausugua kwa kitunguu saumu, akautia chumvi, akaumiminia mafuta mapya ya zeituni mpaka yakamchuruzika viganjani. Kisha akauweka dirishani, akaketi kumsubiri mumewe Nazzareno, aliyefariki mwaka ule wa theluji kubwa.

Kule Collerupe, mji wa mawe uliong'ang'ania mlima, kipande cha kwanza chenye mafuta mapya hakionjwi na mtu aliye hai. Ni cha marehemu, nao huja kukila. Hukaa kwa muda ule ule ambao ladha inakaa mdomoni, halafu hao, huenda zao. Mafuta ya Collerupe yalikuwa makali, ya kukwaruza koo, kwa hiyo Nazzareno alikuwa akikaa mpaka kengele za jioni, akiulizia miti yake na kumtania mkewe kwamba amenenepa. Ersilia aliishi mwaka mzima kwa ajili ya mchana huo. Siku nyingine zilikuwa za kufua na kupika tu.

Nazzareno akaingia kwa mlango, viatu vina udongo kama kawaida. Akamsalimu mkewe, akauma mkate, akatafuna kidogo. Halafu akatema sakafuni.

"Khaa! Ersilia, umenipa nini?"

"Mafuta yetu, Nazzareno. Ya miti yetu ya kule mteremkoni."

"Miti yetu gani? Haya yananuka kikaango cha juzi!"

Akaufuta ulimi kwa mkono wa koti mpaka ladha yote ikatoka, akaanza kufifia kuanzia miguuni. Hata habari za nyumbani hakuziuliza. Ersilia akachukua kitambaa akapangusa pale alipotema.

Nje mambo yalikuwa yale yale. Marehemu wa mji mzima walikuwa wamesimama kwenye ngazi za mtaani wakitema: mafundi viatu, wakunga, hata padri mmoja wa zamani ambaye hakuna aliyemkumbuka jina. Ngazi zikateleza, vizee viwili vikaanguka, manispaa ikaleta unga wa mbao na kuumwaga. Watu walilalamikia uchafu.

Ersilia akazunguka nyuma ya kinu, akamkuta Duilio amelishika bomba la lori la tangi, anajaza mapipa. Mafuta yale yalikuwa ya manjano iliyochoka, yananuka uvundo wa kitu kilichosahauliwa kabatini. Huku mbele, mawe makubwa ya kusagia yalikuwa yanazunguka polepole juu ya zeituni zile zile tangu asubuhi, ili wageni wapige picha. Inatia kinyaa, na si kwa harufu tu.

"Shemeji, unachakachua."

"Nachanganya. Maneno gani hayo ya kuchakachua?"

"Kaka yako katema!"

"Kaka yangu si mteja, shemeji. Wateja ni wageni, na wageni hawatemi. Wanasema 'mmm'."

"Basi mwakani zeituni zangu unikamulie peke yake. Sikuombi kingine. Sina siku nyingine ya kumwona."

Duilio akafunga bomba, akajifuta mikono. "Mwakani zako peke yake. Naapa kwa kaburi lake."

Mwaka uliofuata Ersilia alichuma mwenyewe, juu ya ngazi, matawi yakimchana mikono. Akazipeleka zeituni kwa bajaji ya mizigo, akasimama akiziangalia zikioshwa, zikisagwa, uji wake ukipakwa kwenye mikeka ya kamba na mikeka kupangwa kwenye mtambo wa kukamulia. Hapo akatoka nje. Mjane mwenye nguo nyeusi hasimami mbele ya mtambo mafuta yanapoanza kutoka. Ni mwiko Collerupe, na Ersilia hakuwahi kuuvunja. Duilio naye aliujua mwiko huo vizuri sana. Alipomwita ndani alimkabidhi mtungi uliojaa, akamwambia, "Haya, mpe kaka salamu."

Kuonja hakuweza, maana wa kwanza ni marehemu. Akachoma mkate, akamimina.

Nazzareno akaja, akauma. Ersilia akaliona koo lake likikataa na macho yakilengwa machozi. Harufu nayo ikamfikia, ile ile. Nazzareno akaitazama mikono ya mkewe, mikwaruzo mitupu, akameza.

"Mazuri," alisema.

"Usinidanganye."

"Nimesema mazuri. Umenenepa wewe."

Ladha mbaya haitoki upesi mdomoni. Kengele za jioni zikalia, Nazzareno bado amekaa, midomo imemng'aa manjano, anaulizia mti mmoja mmoja. Hawakuwa wamewahi kupata muda mrefu namna ile tangu azikwe. Ersilia alijichukia, akasogeza kiti karibu. Mtaani marehemu wengine nao walikuwa wanatafuna wamefumba macho, kila mmoja na mtu wake pembeni.

Duilio akapita na wanunuzi, akasimama dirishani.

"Mnaona?" aliwaambia. "Hata marehemu wetu wanayapenda. Muulizeni kaka yangu."

Nazzareno alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kwani ladha ilikuwa imeanza kuisha na miguu yake haikuonekana tena.

"Niongeze," alimwambia mkewe.

Ersilia akakata mkate mwingine, akainua mtungi, akammiminia mpaka ukalowa wote.